Tafuta Ngozi Itakayokuumbua

Muuza kitimoto wa Kashai aliniuliza kama naitaka ya kukaanga au ya mchemsho. Nikamwambia nataka ngozi tupu: ya tumboni, pana kama sinia ndogo, isiyo na nyama, ila mafuta yake meupe yabaki chini, unene wa kidole. Akanitazama kwa muda.

"Waitu, dada, ngozi bila nyama? Una mbwa?"

Sina mbwa. Nina mashine ya kuchorea tatuu, na wakati huo nilikuwa bado sijastahili kuigusisha kwa binadamu.

Siku hizi vijana wanaotaka kujifunza ni wengi, wa hapa Bukoba mjini na wa kule Muleba, na karibu wote wanakuja mashine wanayo tayari. Mashine inaagizwa kwa simu, inafika na basi kutoka Dar es Salaam ikiwa ndani ya boksi lenye picha ya fuvu. Wanachokosa ni kitu cha kuchoma. Hapo ndipo ninapoulizwa: nianzie wapi, dada? Jibu langu ni refu kidogo, lakini linasimama juu ya jambo moja. Usitafute ngozi itakayoifanya kazi yako ipendeze. Tafuta itakayokuumbua. Ngozi ya mazoezi inayoficha makosa yako ni hasara hata ukipewa bure, kwa sababu makosa hayo yatajitokeza kwenye mkono wa mtu, na mkono wa mtu haukunjwi ukatupwa.

Mdogo wako si daftari

Kijana mmoja wa Muleba alianzia kwa mdogo wake. Alimwandikia jina la mama yao kwenye mkono wa ndani, chini ya kiwiko, herufi saba. Nilipouona mkono ule ilikuwa imepita miezi minne. Herufi mbili za kwanza zilikuwa zimefifia zikawa kijivu. Tatu za katikati zimetanuka kama wino kwenye gazeti lililonyeshewa. Mbili za mwisho zimevimba. Ungeweza kuzisoma gizani kwa kidole. Mkono mmoja, makosa matatu: sindano haikufika, sindano ilipitiliza, na sindano ilipitiliza huku ikirudi palepale mara nyingi mno. Kipande cha ngozi bandia ya silikoni kingemwonyesha yote hayo jioni moja.

Yule mdogo alikuwa na ndoto ya kuvaa sare. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na hapo hawaulizi kama mchoro ni mzuri au mbaya. Sasa fikiria kukosa kazi kwa ajili ya jina ambalo hata halisomeki.

Halafu kuna damu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika mkoa huu wa Kagera. Wazee wetu waliuita Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa mpakani na wafanyabiashara. Machi 2023 ukatukuta ugonjwa wa virusi vya Marburg, Bukoba Vijijini, na hadi Juni 2 ilipotangazwa kwamba umekwisha, hata kupeana mikono msibani kulikuwa na mashaka. Kwa hiyo mtu wa huku hahitaji kuelezwa sana habari za majimaji ya mwili. Ila kuna kimoja ambacho vijana hawakijui: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye meza, kwenye waya wa mashine, kwenye kichupa cha wino, hata damu ikiwa imekauka na haionekani.

Chanjo yake ipo. Mtu mzima kwa kawaida huchomwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mimi nawaambia wanafunzi wangu waende kuuliza hospitali wiki ileile wanayoanza mazoezi ya kuchora kwenye ndizi. Miezi hiyo sita, hadi dozi ya tatu, iwe ndiyo miezi yako ya ngozi bandia. Asiye na subira ya kungoja sindano ya tatu asitarajie mtu amvumilie yeye na sindano yake.

Sindano inaelekea wapi

Kabla ya kununua chochote, elewa unachokiiga. Ngozi ya juu kabisa, ile inayochubuka ukijikwaruza bila kutoka damu, mahali pengi mwilini unene wake ni sehemu ya kumi ya milimita. Hiyo hujibadilisha kila baada ya wiki kadhaa. Wino ukiishia humo utabanduka nayo. Chini yake kuna ngozi ya ndani, ngumu, yenye mishipa ya damu. Wino ukifika hapo, seli za kinga huumeza na kukaa nao, ndiyo maana tatuu haitoki. Chini zaidi ni mafuta, na wino ukifika kwenye mafuta unatambaa. Unacholenga, basi, ni kina cha kati ya milimita 1 na 2, na hicho hubadilika: mgongoni si sawa na ndani ya mkono, mkono wa mvuvi wa Kemondo anayevuta nyavu si sawa na wa karani.

Swali la kuuliza ngozi yoyote ya mazoezi ni hili: nikikosea kina, itaniambia?

Anza na kilicho jikoni

Hapa sisi watu wa Kagera tumependelewa. Wenzetu wa kwingine wanasoma kwamba mwanafunzi aanze na ndizi, wanakwenda sokoni kununua. Wewe unatoka mlango wa nyuma.

Usichukue ndizi mbichi, ebitoke vya kupika vilivyokatwa asubuhi. Utomvu wake utakutesa. Unatoka kila unapochoma, unanata kwenye ncha ya sindano, na baada ya dakika chache unageuka mweusi, usijue wino ni upi na utomvu ni upi. Anayemenya ndizi kila siku anajua vidole vinavyokuwa. Chukua zilizolazwa, zilizoanza kugeuka njano lakini bado ngumu. Gonja ni nzuri kuliko zote kwa sababu ni ndefu na ganda lake ni nene. Inakupa nafasi ya mstari wa kiganja kizima na mpindo kidogo, kama mkono wa mtu. Ndizi sukari ganda lake ni jembamba mno, iache hadi mkono utulie.

Osha, kausha, chora kwanza kwa kalamu ya wino wa kawaida, kisha pita na mashine. Shika ndizi kwa mkono wa pili kama utakavyoshika mkono wa mteja, ukiivuta ngozi kwa kidole gumba. Ukiona maji yanachuruzika kutoka ndani, umetoboa ganda.

Lakini faida kubwa ya ndizi huioni leo. Iweke juu ya kabati ulale. Asubuhi itakuwa imekusema. Kila mahali ulipokandamiza, kila mahali kidole kilipobana kwa wasiwasi na sindano ilipochelewa, pamepata weusi pembeni ya mstari. Mkono mwepesi huacha mstari peke yake. Mkono mzito huacha mstari na kivuli chake. Niliwahi kumpa mwanafunzi ndizi kumi za gonja Ijumaa, Jumamosi akazikuta zote zina madoa kama chui, akaniambia ni za sokoni ndiyo maana. Tukachukua nyingine kutoka mkungu uleule, ambazo hazikuguswa. Zilikuwa safi.

Chungwa linafaa kwa wiki ya pili, kwa kuwa ni mviringo na lina vitundu. Linakufundisha kugeuza kifundo cha mkono badala ya kugeuza chungwa. Boga na papai bichi sikushauri: boga ni gumu kuliko mtu yeyote utakayekutana naye, na papai lina utomvu mbaya zaidi ya wa ndizi. Parachichi ni zuri kwa dakika tano, kisha inabaki hasara tu.

Wapo wanaoanzia kwenye soli ya ndala iliyochakaa. Sikatai. Soli ni laini, inameza wino, mstari ulionyooka unaonekana umenyooka. Tatizo ni kwamba inasamehe kila kina. Ukiingiza milimita 1 au 4, juu mstari ni uleule. Itumie kuzoea uzito wa mashine na mtetemo wake, siku mbili tatu, basi. Tyubu ya baiskeli ni nyeusi, hutaona ulichofanya. Vipande vya ngozi kutoka kwa fundi viatu vimekwisha kutiwa dawa, ni vikavu, vinaharibu sindano. Ngozi ya ngoma vilevile. Kuna mmoja aliniletea hata kipande cha lubugo, ile nguo ya gome ya mababu zetu, akidhani kwa kuwa lina rangi ya mwili litafaa. Wino ukasambaa kama chai kwenye kitambaa cha meza. Nikamwambia arudishe kwa bibi yake kabla hajagundua.

Ngozi bandia: iamini mikono yako, usiamini picha

Sasa tuje kwenye zile za kununua. Zipo za aina mbili kubwa, na muuzaji atakuambia zote ni silikoni. Si kweli. Moja ni ya mpira mgumu au plastiki, nyingine ndiyo silikoni yenyewe.

Kama umepata bahati ya kuishika kabla ya kulipa, fanya hivi. Inuse: ya mpira rahisi inanuka kama soli mpya ya raba, silikoni nzuri karibu hainuki. Ikunje iwe nusu, uiachie: silikoni inarudi kunyooka bila alama, plastiki inabaki na mkunjo mweupe. Ibonyeze kwa ukucha: alama ya ukucha inapaswa kuondoka polepole, kama kwenye nyama ya kiganja chako chini ya kidole gumba. Isipobonyea kabisa, ni ngumu. Isiporudi kabisa, ni takataka. Mwisho ivute kwa mikono miwili. Ngozi ya mtu huvutika, na nusu ya kazi ya kuchora ni kujua kuivuta; ngozi bandia isiyovutika inaufundisha mkono wako wa kushoto kulala usingizi.

Ukiagiza kwa simu huwezi kunusa. Basi muulize muuzaji mambo mawili tu: unene kwa milimita, na kama inatumika pande zote mbili. Akikujibu "ni standadi dada", tafuta mwingine.

Unene ndio mjadala wenyewe. Zipo nyembamba, za milimita 1 hadi 2, na zipo za milimita 3 na kuendelea. Nene zinapendwa kwa sababu ni tamu kuchora na unageuza upande wa pili. Mimi napenda uanze na nyembamba ya milimita 2. Sababu? Igeuze. Wino ukitokeza nyuma, umepita kina ambacho mtu angekuruhusu. Hakuna mwalimu atakayekaa na wewe usiku kucha akikuambia "umezama, umezama", lakini mgongo wa ngozi nyembamba utakuambia. Nene inakuficha. Nunua nene baadaye, kwa kujaza rangi na kutia vivuli, ambako sindano inarudi mahali pamoja mara nyingi na nyembamba ingechanika.

Usiilaze mezani, hapo ndipo wengi wanapokosea. Mezani kila mtu ni fundi. Mwili hauna meza. Katika mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, kata kipande cha shina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, bandua maganda hadi kibaki na unene wa mkono wa kijana, kiache kichuje maji, kifunge kwa mfuko wa plastiki, kisha zungushia ngozi yako na uibane kwa mpira au gundi ya karatasi. Jaribu kubonyeza. Kuna ulaini chini na ugumu katikati, kama nyama na mfupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijazwa nayo inafaa, lakini mgomba ni bora, na hauuzwi. Weka kipande hicho juu ya goti lako, halafu juu ya mto, halafu mpe mtu akishike na umwambie apumue na aongee kama wateja wanavyoongea.

Kunakili mchoro kutoka karatasi ya kaboni kwenda kwenye silikoni kuna adha yake hapa kwetu. Bukoba inapata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa nne hewa yenyewe ni maji. Mchoro ambao Dodoma ungekauka kwa dakika kumi, hapa utauacha nusu saa na bado utafutika ukipitisha kitambaa. Futa ngozi kwanza kwa spiriti itoe mafuta ya kiwandani, ikauke, bandika karatasi, bandua, kisha nenda ukapike. Ukirudi, paka mafuta ya mgando kidogo sana juu ya mchoro na kuzunguka. Silikoni ina tabia ya kunywa wino uliomwagika juu yake. Bila mafuta, ngozi yote itakuwa kijivu kabla hujamaliza mstari wa tatu, na hutajua kazi yako ikoje. Futa kwa kugandamiza, usisugue.

Na sindano. Pakiti imeandikwa kitu kama 1205RL. Hiyo 12 ni unene wa kila sindano, milimita 0.35, 05 ni idadi, tano zilizofungwa pamoja, RL ni za duara za kupigia mistari. Kwa ngozi ya kwanza chukua 05 au 07. Tatu ni kali mno kwa mkono unaotetemeka, inakata badala ya kuchoma. Na sindano iliyochoma mpira imekufa: ncha yake imepinda hata kama huioni. Isikae droo moja na za kuchorea watu. Weka kopo lake gumu lenye mfuniko, mfano wa yale maboksi ya njano ya zahanati, tangu siku ya ndizi ya kwanza, ili mkono uzoee.

Kuhusu kuzipata: Kariakoo ndiko wengi wanakoagiza, kwa basi. Wenye ndugu Kampala hupitishiwa mpakani Mutukula. Wa Mwanza wanatuma kwa meli. Mtu wa Muleba asije Bukoba kilomita 70 hivi kwa ajili ya ngozi moja. Jikusanyeni watu wanne, agizeni pamoja, gawaneni. Ngozi moja ya silikoni, ukiipanga kwa rula, inatoa mistari mingi kuliko unavyodhani. Nimeona watu wakichora simba mmoja katikati na kuitupa.

Nguruwe, na mbuzi kwa asiyetaka nguruwe

Silikoni haina vinyweleo, haina mafuta. Ngozi ya nguruwe inavyo vyote viwili, na katika wanyama tunaowafikia hakuna aliye karibu zaidi na sisi: nywele chache, ngozi iliyoshikamana na mafuta yaliyo chini yake, unene unaolingana kwa mbali na wetu. Ndiyo maana nilikuwa nasimama kwa yule muuza kitimoto.

Chukua ya tumboni au ubavuni. Ya mgongoni kwa nguruwe mkubwa ni nene, itakuzoesha kukandamiza. Sikio ni somo zuri la mwisho: jembamba, limejikunja, lina mfupa laini chini, linafanana na sehemu zote ambazo mteja atakuomba na wewe ungependa kukataa. Mwombe muuzaji asiimwagie maji ya moto kupita kiasi wakati wa kunyoa, maana ngozi iliyoiva juu inamenyeka. Ukifika nyumbani inyoe tena kwa wembe, ioshe kwa sabuni na maji baridi, ikaushe, itumie siku hiyohiyo au igandishe. Kabla ya kuchora iache baridi yake iishe. Ngozi yenye barafu ndani inadanganya.

Chora, kisha kata. Hilo ndilo huwezi kulifanya kwenye silikoni kwa faida ileile. Chukua kisu kikali, kata katikati ya mstari kwa upana, utazame ukingo wa mkato kwa jua la dirishani. Utaona uzi mweusi umekaa ndani ya weupe mgumu. Ukikaa pale pale, vizuri. Ukiuona umefika kwenye mafuta na kutawanyika kama mizizi, umejua kwa nini herufi za yule mdogo zilitanuka. Mara ya kwanza nilipokata, mistari yangu tisa kati ya kumi ilikuwa kwenye mafuta, nami nilikuwa nimekwisha kuipiga picha na kuituma kwa watu.

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyetaka nguruwe nyumbani mwake, mbuzi yupo. Ngozi yake haina mafuta ya kutosha na inakauka haraka ikawa kama karatasi, kwa hiyo funika sehemu usiyoichora kwa kitambaa chenye maji, na itandaze juu ya sponji badala ya ubao.

Katika yote haya kuna sharti moja nisilolilegeza. Ngozi itoke machinjioni, kwa mnyama aliyepimwa na afisa mifugo. Usichukue ngozi ya kibudu, hata kama jirani anakupa kwa moyo mweupe na ng'ombe au mbuzi alikufa jana tu. Kimeta kinaingia kwa binadamu kupitia mchubuko mdogo wa mkono, na wewe utakuwa umekaa na ngozi hiyo saa tatu ukiitoboa. Vaa glovu. Mashine ifunikwe kwa plastiki. Meza ifutwe kwa Jiki iliyochanganywa na maji. Usifanyie jikoni. Na baada ya mazoezi ngozi hiyo ifukiwe, mbwa wa mtaa wasile wino.

Rangi ya ngozi

Karibu ngozi zote za bei nafuu ni za rangi ya njano hafifu, rangi ya mtu asiyeishi hapa. Juu yake kila kitu kinang'aa. Mwanafunzi anachora ua la waridi lenye majani ya kijani na ukingo wa njano, anafurahi, anamchora binti wa Kamachumu, na baada ya miezi miwili njano haipo, waridi limekuwa kahawia. Hakukosea kina. Wino unakaa chini ya ngozi ya juu, na weusi wetu uko huko juu. Rangi zote tunaziona kupitia kioo cha kahawia.

Agiza ngozi ya kahawia au nyeusi, zipo, ila ni lazima uzitaje. Ukizikosa, tumia hila hii: chukua chupa tupu ya bia ya kahawia, itazame kazi yako kupitia humo. Kinachopotea kwenye chupa kitapotea mkononi. Utajifunza upesi kupenda mstari mweusi wenye nguvu, na kuacha nafasi kati ya mistari. Wamakonde walilijua hilo zamani: nembo zao, zilizochanjwa kwa kichuma na kupakwa mkaa, zilikuwa mistari na pembe zilizopangwa kwa nafasi, zinasomeka kwenye uso mweusi kutoka mbali.

Kuna jambo ambalo ngozi yoyote ya kununua au ya kuchinjwa haitakuambia: kovu. Ngozi zetu zina tabia ya kuota makovu yanayovimba na kutambaa zaidi ya jeraha. Huwezi kulifanyia mazoezi. Siku ikifika, kabla hujafungua pakiti ya sindano, mwombe mteja akuonyeshe makovu yake ya zamani: chale za dawa, chanjo ya bega, tundu la hereni. Lolote likiwa limevimba, mwambie hapana, na umrudishie nauli kama umemtoa mbali.

Kama fedha ni kidogo

Ndizi wiki tatu. Ngozi mbili nyembamba za milimita 2, zipangwe kwa rula: upande mmoja mistari ya sentimita tano tu, iliyonyooka, mia moja, halafu duara, halafu herufi, kubwa kwanza. Andika tarehe kwenye kila ngozi, kwa sababu utajidanganya kuhusu ulivyokuwa mwezi uliopita. Kisha kipande cha tumbo la nguruwe kila baada ya wiki mbili, chora na ukate. Ngozi nene ya kahawia ije mwisho, na iwe moja. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukianguka katikati ya mazoezi yako, kaa na akina mama mchambue ndoo nzima, bawa kwa bawa. Sijaona mazoezi ya vidole yanayoshinda hayo, na hata ukikosea unakula.

Yule kijana wa Muleba alirudi. Alipiga hodi saa mbili asubuhi, akanisalimu shikamoo, akatoa mfukoni ngozi yake ya sita, imekunjwa kama chapati. Mbele aliandika jina lilelile la mama, herufi saba, mara kumi na mbili. Sikuitazama mbele. Niliigeuza, nikaisogeza dirishani. Mgongo ulikuwa msafi, isipokuwa nukta tatu chini ya mkia wa herufi g, mahali anapokata kona. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Akaikunja tena akairudisha mfukoni, akaniuliza kama ile gonja iliyo kwenye kibaraza ina mwenyewe.